Ndiyo, nimekataa kazi kwa ajili ya kitundu

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya Ramadhani, na wapo waliodhani nimehamia London nikawasahau. Sijaenda popote. Nipo hapa hapa kusini mwa Uingereza, mwendo wa nusu saa kutoka Southampton, kwenye yadi za boti, mikono imejaa faiba na pua imejaa vumbi la msasa.

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe. Wiki nzima simu yangu haipumui. Ami kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Dada Zuhura kaandika: "Hivi kweli umekataa kazi kwa ajili ya kitundu?" Mpaka Makame, kijana niliyembeba mgongoni, ananiambia Uzungu umeniingia. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niwajibu nyote hapa, na mkishasoma, mwenye hoja aje nayo.

Ndiyo. Nimekataa kazi kwa ajili ya kitundu, na wakiniletea kesho nitaikataa tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakala mmoja wa kuuza boti, ambaye amekuwa akinipa kazi ndogo ndogo kwa miaka miwili, aliniita kwenye boti ya tanga ya futi 31, ya faiba, iliyoundwa mwaka 1979. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza, anaiuza kwa sababu magoti yamechoka. Wakala akaniambia, "Safisha loka ya gesi, kwangua kutu, piga rangi nyeupe, Jumamosi kuna mnunuzi anakuja." Siku moja, pauni 250. Kwa mtu wa nje ni pesa ya kuokota.

Nieleze kwanza loka ya gesi ni kitu gani, maana najua wengi mnafikiri ni kabati tu. Boti za huku watu wanalala ndani na wanapika ndani. Jiko liko chini, chumbani. Mtungi wenyewe unakaa juu, upande wa tezi, ndani ya sanduku lililojengwa chini ya kiti cha mshika usukani. Sanduku hilo lina masharti. Mfuniko wake ufungukie juu, kwenye hewa. Kuta zake zisiwe na upenyo hata wa sindano kuelekea chumbani. Na chini kabisa, kwenye sakafu yake, kuwe na tundu lenye bomba linaloshuka moja kwa moja hadi nje ya boti.

Kwa nini tundu liwe chini? Kwa sababu gesi ya kupikia haipai. Propane ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butane inakaribia mara mbili. Ikivuja inamwagika kama maji, inatafuta bonde.

Sasa nyinyi ni watu wa Nungwi, mimi nitawafundisha nini kuhusu ngama? Kila kitu kinachoanguka chomboni mwisho wake ni ngama: maji, mafuta, magamba ya samaki, mpaka shilingi iliyomtoka mtu mfukoni. Baba alikuwa akisema ukitaka kumjua nahodha usitazame tanga lake, tazama ngama yake. Lakini maji ya ngama unayaona, unachukua kopo unayafua. Gesi huioni. Nyumbani mtungi ukivuja jikoni, angalau kuna mlango, na chini ya mlango kuna upenyo, gesi itapata pa kutokea. Chombo cha baharini hakina mlango chini. Kingekuwa nao kingezama! Kwa hiyo ukuta ule ule unaozuia bahari isiingie ndio unaozuia gesi isitoke.

Na haihitajiki nyingi. Lita moja ya gesi ikiwa bado majimaji ndani ya mtungi ikitoka inakuwa lita 270 hivi za mvuke. Propane inashika moto ikifika karibu asilimia mbili tu ya hewa. Pigeni hesabu wenyewe: kikombe kimoja cha chai cha gesi ya majimaji kinatosha kuchafua mita tatu za ujazo za hewa, yaani sehemu yote ya chini ya chumba cha boti kama ile, kuanzia ngama mpaka magotini. Halafu mtu anaamka alfajiri anawasha pampu ya ngama, cheche moja ya umeme...

Haya. Nikafungua loka ya mzee.

Kwanza kuifungua kwenyewe ni kazi. Mtu fulani miaka ya nyuma alifunga winchi juu ya kiti, nusu yake ikakalia mfuniko. Mfuniko unanyanyuka kama mdomo wa kobe, basi. Kuufikia mtungi inabidi utoe kamba zote na maputo ya kukinga ubavu, ulale kifudifudi, utie kichwa na mkono mmoja, upapase nyuma ya mtungi mpaka ukutane na koki, kwa sababu koki imetazama ukutani. Mimi nina miaka 41 na mgongo mzima, nilichukua dakika nne. Mzee ana miaka 76. Nikamuuliza, "Unafunga koki kila ukimaliza kupika?" Akacheka. Akasema ameifunga mara ya mwisho alipobadilisha mtungi.

Sikumlaumu. Nani atalala kifudifudi kwenye mvua kila baada ya chai? Watu wa usalama wanaandika kila siku "funga koki mtungini ukimaliza." Maneno mazuri. Lakini koki isiyofikika ni koki isiyokuwepo, na aliyefunga winchi ile pale ndiye aliyeiacha gesi wazi miaka yote hiyo.

Nikatoa mtungi. Chini yake kutu imejaa kama majani ya chai kwenye birika. Nikakwangua, nikakuta tundu. Ndani ya tundu, kizibo cha mbao. Kimepigwa nyundo na kupakwa gundi juu.

Hapa ndipo wakala alipoanza kunikasirikia, kwa sababu mimi sikupiga rangi. Nilikaa nikajiuliza kwa nini mtu mwenye akili zake, anayelala ndani ya boti hii na mkewe, atie kizibo kwenye tundu la gesi. Nikafuata bomba. Lilikuwa dogo, milimita 12, la plastiki, limeshuka kutoka loka, limelegea katikati na kufanya tumbo kama kamba ya kuanikia nguo, kisha likatokea ubavuni, chini sana, karibu na mstari wa maji. Basi boti ikipata upepo ikalala upande ule, tokeo linazama, bahari inapanda bombani, inajaa loka, mtungi unaota kutu. Mwenye boti akachoka na kutu. Akaziba. Tatizo la maji likaisha!

Hii ndiyo hoja yangu yote, na naomba Ami aisikilize vizuri. Maji yaliyokuwa yakiingia yalikuwa yakimwambia kwamba tokeo liko mahali pabaya. Yeye akaona tatizo ni tundu. Na hata kabla ya kizibo lile bomba lilikuwa halifanyi kazi, kwa sababu ya lile tumbo. Tumbo la bomba linashika maji, kama chooni. Gesi iliyotulia kwenye sakafu ya loka haina nguvu ya kusukuma hata milimita moja ya maji. Itakaa pale, ijae, itafute njia nyingine. Na njia nyingine ilikuwepo: pale bomba la gesi linapopita ukutani kwenda jikoni, mtu alitoboa tundu kubwa kuliko bomba, dole gumba langu linaingia. Upande wa pili wa ukuta huo ni kitanda.

Nikamwambia wakala sipigi rangi. Akasema mambo ambayo nimeyasikia yadi zote za pwani hii, na ambayo nyinyi nanyi mmenitumia kwa maneno mengine.

Alisema boti ina miaka zaidi ya arobaini na haijalipuka. Nikamwambia mfuniko wa pete ya mtungi, mpira wa bomba, regyuleta, vyote hivyo havijui historia ya boti. Mpira unaochakaa unachakaa. Miaka arobaini ya kutovuja haikutengeneza tundu. Imetengeneza kiburi tu.

Alisema gesi ina harufu, mtu ataisikia. Ni kweli wametia harufu makusudi, maana gesi yenyewe haina. Lakini pua ya aliyelala iko juu ya godoro na gesi iko chini ya mbao za sakafu. Tena boti za zamani zina harufu zake, dizeli, choo, ukungu, mtu amezoea miaka.

Alisema watafunga king'ora cha gesi. Kifungeni, sina ugomvi na king'ora. Lakini king'ora kinasema "gesi imeingia." Hakiitoi. Sawa na kununua mbwa mkali huku mlango umeuacha wazi.

Mwisho akasema, na hili ndilo lililoniuma, "Wewe umeitwa kupaka rangi."

Sheria? Mtaniuliza, kwani Uingereza si nchi ya sheria? Sikilizeni kichekesho. Boti za mitoni na kwenye mifereji zina utaratibu tangu mwaka 1997, unaoitwa Boat Safety Scheme, zinakaguliwa kila miaka minne, na loka ya gesi inaangaliwa. Boti mpya zinazouzwa zilianza kubanwa kwa lazima na sheria ya Ulaya Juni 1998. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 10239, kinachosema bomba la loka lisipungue milimita 19 kwa ndani, tokeo lake liwe angalau milimita 75 juu ya mstari wa maji boti ikiwa imepakia, na liwe mbali nusu mita na upenyo wowote unaoingia ndani. Wamarekani wao wanaridhika na nusu inchi. Lakini boti ya mtu binafsi ya mwaka 1979, ya baharini? Hakuna anayeigonga mlango. Labda bima iulize. Kwa hiyo boti inayopita mferejini kwenye maji ya kiunoni inakaguliwa, na inayovuka kwenda Ufaransa usiku inaachiwa Mungu na fundi wa rangi.

Ndiyo maana nikasema fundi wa rangi huyu hapaki.

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa gatini anasikia. Akaja. Sikumhutubia. Nikamwomba ndoo. Nikamwambia gesi inatembea kama maji, basi tutie maji tuone gesi ingekwenda wapi. Nikamimina ndoo moja, lita kumi, ndani ya loka. Tukangoja nje kutazama ubavuni: hakuna tone. Kisha tukashuka chumbani. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani taratibu, yanaingia chini ya godoro la upande wa kulia.

Mzee akakaa kimya muda. Kisha akasema, "Hapo ndipo analala mke wangu."

Wakala akaondoka. Tangu siku hiyo hajaniita, na yeye alikuwa ananipa karibu nusu ya kazi zangu. Huo ndio ukweli wa miezi miwili hii, na ndiyo maana pesa zilizokuja nyumbani zilikuwa kidogo. Zuhura, sikukuficha kwa ubaya, niliona aibu.

Lakini mzee akaniajiri mwenyewe. Siku nne, na niwaeleze nilichofanya, kwa sababu kuna watu wanadhani kupinga ni mdomo tu.

Sakafu ya loka ilikuwa chini mno. Kama sakafu iko sawa na bahari hakuna bomba litakalokusaidia, maji hayapandi mlima na gesi nayo haipandi. Nikainyanyua. Nikaweka sakafu mpya ya plaiwudi ya baharini, nikaifunga kwa faiba na epoksi, nikaipa mteremko kuelekea kona ya tezi. Mtungi sikuuacha ukalie tundu; nikaunda vijiti vitatu vya kuubeba, kutu ikidondoka ipite. Tundu jipya milimita 25, zaidi ya wanayodai, kwa sababu nimeona buibui na majani yanavyofanya kazi. Bomba fupi, nene, lisilolegea, linashuka bila tumbo hata moja mpaka ukuta wa tezi, juu kabisa ya maji, mahali ambapo hata boti ikilala upande halizami. Tundu la zamani la ubavuni nikaliziba kabisa kwa faiba, ndani na nje.

Tundu la dole gumba nikalitia kizibo maalumu cha mpira kinachobana bomba la gesi pande zote. Mfuniko nikauwekea ukanda wa mpira. Winchi nikaing'oa nikaihamishia mbele kwa boliti mpya, nikakata mfuniko mpana zaidi, na mtungi tukaugeuza koki itazame juu. Sasa mzee anakaa kwenye kiti chake, ananyanyua mfuniko kwa mkono wa kushoto, anafunga koki kwa mkono wa kulia. Anaweza na kikombe cha chai pembeni.

Mabomba ya gesi yenyewe sikuyagusa. Mimi ni fundi wa mbao na faiba. Alikuja fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, akabadilisha mpira na regyuleta, akapima mgandamizo, akaandika karatasi yake akatia saini. Tukarudia ndoo. Lita kumi zilitoka nyuma ya tezi kama kojo la ng'ombe, samahanini kwa lugha, na chini ya godoro pakavu.

Ami, wewe ulisema, "Wazungu wana bima, wewe una watoto wa watu wanaosubiri ada." Nimekusikia, na nakuheshimu kama baba. Lakini mnunuzi wa Jumamosi alikuwa na jina pia. Ningepaka ile rangi nyeupe juu ya kizibo, yeye angefungua akaona loka safi, inang'aa, akaamini. Kutu angalau inamtisha mtu, inamfanya aulize. Rangi yangu ingemnyamazisha. Ungekuwa wewe uliyemuundia mtu jahazi ungeziba mbao iliyooza kwa kalafati ukamwambia aende nayo Pemba? Nakujua, usingefanya. Ulimrudishia mtu pesa zake kwa ajili ya mkuku mmoja, mimi nilikuwepo, nilikuwa nashika taa.

Na msifikiri haya ni ya Uzunguni. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 imetoa mkakati wa nishati safi, ikitaka asilimia 80 ya watu waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mimi naunga mkono, macho ya mama yameharibika kwa moshi. Lakini mitungi inaingia kila mahali kwa kasi kuliko maarifa. Wanairobi waliona Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi iliyovuja ilivyosambaa chini mitaani ikakutana na moto. Hiyo ilikuwa nchi kavu, yenye barabara na upepo.

Sasa Makame. Nimeona picha uliyoiweka, ile boti ya faiba mnayowapeleka watalii mwambani. Boti nzuri, hongera. Lakini nimeikuza ile picha. Chini ya kiti cha mbele, kwenye kabati lenye mlango wa kubana, kuna mtungi wa kilo sita, na juu yake mmerundika maboya ya kujiokolea. Kabati hilo tundu lake liko wapi? Umenijibu kuna tundu "la ngama." Yaani linaingia ndani ya boti, siyo nje! Na betri ya injini iko kwenye ngama hiyo hiyo. Mna watu kumi na wawili mle ndani.

Usinijibu kwamba haijalipuka. Chukua ndoo, mimina kabatini, kisha utazame maji yanatokea wapi, na unitumie video. Kabla ya hapo mtungi utoe. Uufunge nyuma, juu, nje kabisa kwenye upepo, kama baba zetu walivyopikia juu ya sitaha kwenye sanduku la mchanga. Ukihitaji vipimo vya kuunda loka nitakuchorea, na faiba nitakununulia mimi.

Zuhura, ada ya Rukia nimeituma jana, nusu. Nusu nyingine Ijumaa, mzee wa boti ananimalizia. Amenipeleka kwa rafiki yake mwenye boti ya futi 36, nimeiangalia leo asubuhi. Loka yake imewekwa jiko la kuchomea nyama, nanga ya akiba na dumu la petroli, vyote juu ya mtungi. Kesho naanza kwa kutoa vitu.